Ulimwakilisha Kila Mtu, Kaka, Isipokuwa Mama

Kaka yangu Nassor,

Wameniomba nikusifu. Bibie mmoja mwenye adabu zake alinipigia simu kutoka wizarani akaniambia wanatayarisha kitabu cha historia ya kazi ya ubalozi hapa nchini: ilianzaje, wa mwanzo walikuwa watu wa namna gani, walitumwa wapi na kufanya nini. Sura moja ni yako. Wakubwa wenzako wameshaandika juu ya kazi, umebaki ukurasa wa mtu wa nyumbani. "Andika tu unavyomkumbuka kaka yako, Bi Rayya," aliniambia. "Mambo ya udugu. Watu wanapenda kusoma hayo."

Nikakubali, maana nani atakataa kumwandikia kaka yake? Nikakaa sebuleni kwangu Wattaya, hapa Maskati, na kikombe cha chai, nikaandika: Marehemu kaka yangu alikuwa mtu mwaminifu. Nikaitazama hiyo sentensi mpaka chai ikapoa. Kuendelea nayo sikuweza. Basi nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe, na wao wakitaka kuichapa barua hii waichape, wasipotaka wasichape. Mimi ni mwanamke mtu mzima sasa na simtafuti wa kunipandisha cheo.

Nimekasirika, Nassor. Naliandika hili mapema ili usidhani nazunguka. Tumekuzika mwaka huu huu, nimekulilia mpaka sauti ikanikauka, na kabla kilio hakijakwisha vizuri nikapigiwa simu na Mama Mdogo Zuwena. Nitafika kwenye simu hiyo. Lakini waliniomba kumbukumbu, na sitaki mtu aje aseme Rayya alisahau mema ya kaka yake, kwa hiyo nayatanguliza mema.

Nakumbuka chumba chetu cha Hamriya, juu ya duka la vitambaa, tulipofika hapa kutoka Unguja baada ya kupita kwa kila aliyekubali kutupokea. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa akidarizi kofia kutwa, sindano mkononi, macho karibu na kitambaa, na kofia zile ndizo zilizotulisha. Wewe ulikuwa kijana mrefu mwembamba mwenye masikio makubwa ya baba. Nchi ndiyo kwanza inafungua milango yake, inafungua balozi huku na huku, na mtu aliyesoma Kiingereza alikuwa akitafutwa kwa tochi. Wewe ulikuwa nacho, Kiingereza cha shule ya Unguja, kwa hiyo wakakuchukua wizarani ungali huna hata kanzu ya pili ya kubadilisha.

Kilichokusumbua ni Kiarabu. Ulikuwa ukisema neno kazini wenzako wanachekeana, na mmoja alikuwa akikuita "mgeni wetu" kila asubuhi. Ukirudi nyumbani unajifungia chooni na gazeti, unasoma kwa sauti habari za mahindi na za mpira, unarudia na kurudia, mpaka mama anagonga mlango. "Nassor, mwanangu, toka. Na wenzako wana haja zao." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimebana miguu, nakucheka na kukuonea huruma kwa pamoja.

Mwaka haukwisha. Siku moja ulipiga simu dukani chini, nikaitwa, nikasikia bwana mmoja mwenye Kiarabu kizito cha wenyeji wa ndani ya nchi ananiuliza kama mama amekula. Sikukutambua. Ulicheka sana, na mimi nikajivuna kwa kila rafiki niliyekuwa naye kwamba kaka yangu ameweza.

Mimi pia ulinifundisha. Nilipomaliza masomo ulinitia wizarani kuwa mkalimani, na kila Alkhamisi mchana, enzi zile Alkhamisi ndiyo siku ya mapumziko, ulikuwa ukikaa na mimi na mama baada ya chakula ukituhadithia kazi yenu. Wanaotunga kitabu hawatapata darsa kama zile. Ulisema zamani balozi hakuwa na ofisi wala bendera. Alikuwa mtu mmoja na barua ya mtawala na zawadi za kubeba, anakwenda, anangoja jibu hata msimu mzima katika mji asioujua, anarudi. Hawakumchagua kwa elimu. Walimchagua kwa sababu mtawala aliweza kulala usingizi huku yule mtu akisema kwa niaba yake. Nakumbuka mama aliuliza, "Na akisema uongo huko, nani atajua?" Ukamjibu, "Hapo ndipo penyewe, mama. Hakuna atakayejua. Ndiyo maana anatumwa mtu wa kuaminiwa."

Ulitueleza kwamba hata leo balozi anaweza kushuka uwanjani, akalala nyumba ya ubalozi, akala na kuoga, lakini mpaka amkabidhi mkuu wa nchi ile hati zake za utambulisho, kirasmi bado hajafika. Mama alipenda hilo, akawa anakutania ukichelewa kurudi: "Kafika, lakini hajakabidhi hati." Ulitueleza kwamba bendera ya gari hupepea akiwemo balozi tu, akishuka dereva anaivisha mfuko wake. Kwamba mkubwa wa mabalozi wote wa mji mmoja si wa taifa kubwa, ni yule aliyekaa pale kuliko wenzake, hata nchi yake ikiwa kisiwa kidogo. Na kwamba balozi hana maoni yake. Akiulizwa anapenda nini, anapenda kile ambacho nchi yake inapenda.

Darsa lako nililolishika kuliko yote lilikuwa la mkalimani. Ulisema mtu wa itifaki akiwa kazini husema lugha ya nchi yake na kumwachia mkalimani kazi ya kufasiri, hata kama lugha ya mgeni anaijua toka tumboni. Ile nafasi mkalimani anapofasiri ndiyo anayoitumia kutafuta jibu. "Na wewe, Rayya," ukanambia, "ukiwa pale katikati huna kaka wala dada. Wewe ni mlango. Watu wanapita."

Nilicheka. Nikaona ni kauli nzuri, na nikawafundisha wakalimani waliokuja nyuma yangu.

Haya, mema yamekwisha. Kuna mengine, nayajua, ulivyomjengea mama nyumba hapa Wattaya, ulivyonisimamia harusi yangu. Yote nayakumbuka na siku hizi kila moja linanichoma.

Wageni wasiotujua sharti niwaambie Mama Mdogo Zuwena ni nani. Ni mdogo wake mama, wa ziwa moja, tumbo moja. Mapinduzi yalipotutoa Unguja, bibi yetu alikuwa mgonjwa kitandani, habebeki, na lazima mmoja abaki naye. Mama alikuwa na sisi wawili, wewe wa kukimbia na mimi wa kubebwa. Zuwena alikuwa hajaolewa. Akabaki yeye. Baada ya bibi kufa aliolewa na mtu wa serikali mpya ya kule, mtu aliyepanda akafika juu, na barua zikapungua mpaka zikakoma. Mama hakumsema vibaya hata siku moja. Akidarizi alikuwa akiimba nyimbo walizoimba wawili wao utotoni, akifika mahali pa Zuwena kuitikia ananyamaza kidogo, kisha anaendelea.

Kisha mwaka ule, ukiwa Mkuu wa Itifaki, ukaja ujumbe rasmi kutoka kule, na miongoni mwao kinamama wa heshima, na miongoni mwa hao, yeye. Mama alizipata habari kwa jamaa wa Unguja kabla hata hujatuambia. Nakumbuka alivyokuja kwako. "Nassor, Zuwena anakuja Maskati. Nnamtaka. Hata saa moja." Ukamshika mikono yote miwili. "Niachie mimi, mama. Hili ni langu." Na kweli lilikuwa lako: mgeni wa serikali anakwenda pale Mkuu wa Itifaki anapopanga aende, anakula na anayepangiwa kula naye. Katika mji huu mzima hakukuwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwakutanisha wale dada wawili kuliko mtoto wa mmoja wao.

Mama alianza kupika toka siku ile.

Asubuhi ya karamu ya mchana ulimwondoa mkalimani aliyepangwa ukaniweka mimi. Nilivaa nguo yangu nzuri. Nilidhani umenipa heshima ya kumwona mama mdogo wangu kwanza, nimsikie sauti. Nikaingia ukumbini nikaona umemkalisha Mama Mdogo baina ya wazee wawili wa Nizwa, mji wa ndani ya nchi, wasiojua hata "hujambo", mbali na meza ya wenzetu wa Unguja ambao wangemwelewa. Nikasema moyoni, ndiyo itifaki, wazee kwa wazee. Ndivyo ninavyofikiri mimi, nikiona jambo lako silielewi nailaumu akili yangu.

Ulipopita kusalimia wageni nikakufuata nyuma. Alikutambua ungali hatua tano mbali. Akainuka, mtandio ukamwanguka begani. "Nassor? Nassor mwanangu, si wewe? Nnakujua kwa hayo masikio. Yuko wapi dada yangu?"

Ukanigeukia mimi. Ukaniuliza kwa Kiarabu chako kile kizito, "Bibi anasema nini?"

Nassor, yule mwanamke alikubeba mgongoni. Mama alisema ulikuwa hulali mpaka Zuwena akukune kichwa. Na mimi, mlango wako, nikafasiri. Nikakwambia kwa Kiarabu kwamba bibi anauliza dada yake yuko wapi, kama kwamba hukusikia. Ile nafasi uliitumia kutafuta jibu. Kisha ukasema, "Mwambie anakaribishwa nchini kwetu, na tunatumai mapumziko yake ni mema." Nikamfasiria. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, akaketi polepole, na mzee mmoja wa Nizwa akamsogezea sahani ya tende kwa heshima.

Ulinikuta ukumbi wa nje nimeegemea ukuta. Ukazungumza Kiswahili sasa, harakaharaka. "Usinitazame hivyo. Pale nilikuwa kazini. Alasiri nitakwenda hotelini mwenyewe, nitamchukua, nitampeleka kwa mama. Wewe nenda kazini kwako, usiwatie watu maneno." Roho ikanitua pale pale. Nilikuomba hata radhi kwa kukufikiria vibaya.

Nilifika kwa mama kabla yako. Nyumba nzima ilinuka iliki. Alikuwa ametandika kitanda cha mgeni, ametoa vikombe vya kabatini, mkate wa kumimina umekaa chini ya kawa, na yeye mwenyewe kavaa buibui ndani ya nyumba, eti gari likifika atoke mpaka barabarani. Magharibi ikaadhiniwa ndipo gari lako likaja. Ukashuka peke yako.

"Nimemwona, mama," ulisema. "Hakuweza kuja."

"Hakuweza au hakutaka?"

Hukujibu. Uliinamisha kichwa. Nimefanya kazi na mabalozi maisha yangu yote na sijaona kunyamaza kulikofanya kazi kubwa namna ile. Ukamwacha mama alijaze mwenyewe lile pengo, na alipokwisha kulijaza ndipo ukaongeza, kwa upole kabisa, kwamba Mama Mdogo bado ana uchungu, kwamba anasema aliachiwa bibi peke yake.

Mama alivua buibui akalikunja. "Ana haki," alisema. Akaingia chumbani kwake. Ule mkate mimi na wewe tuliula, nakumbuka, kwa sababu hatukujua la kufanya nao. Ulikula vipande viwili.

Toka siku ile nilimchukia Zuwena. Naliandika kwa kalamu nzito. Nilimchukia mwanamke asiye na kosa kwa miaka ishirini na ushei, kwa sababu neno lilitoka kinywani mwako na mimi nilikuamini kuliko macho yangu.

Baada ya muda si mrefu ukateuliwa balozi, na nchi waliyokupa ni ile ile ya Mama Mdogo. Tulisherehekea. Mama alikusomea dua mlangoni, na picha yako ukikabidhi hati za utambulisho aliitundika sebuleni, wewe na joho lako na jambia kiunoni, mkono umenyooka. Alikuwa akiwaonyesha wageni: "Huyu ndiye anayesema kwa niaba yetu sote." Sikuwahi kujiuliza ulikuwa unaishi mwendo gani kutoka kwa Zuwena. Ilikuwa ni safari fupi ya boti mpaka Unguja. Miaka yote ile uliyokaa kule ilikuwa ni safari fupi ya boti.

Na sasa nifike kwenye siku za mwisho za mama, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Unamkumbuka Mercy, yule dada wa Kenya aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Mama alikuwa ameshapoteza majina, mara ananiita mimi kwa jina la bibi, mara hanijui. Jina lililobaki ni moja. Asubuhi ulipokuja kumwona, Mercy alikuwekea kiti karibu na kitanda, akakwambia yale ambayo mimi sikuthubutu. "Boss, samahani nikuulize. Huyu Zuwena ni nani? Mama anamwita tangu alfajiri, hata uji amekataa. Kama ako na simu si tumpigie tu, hata akisikia sauti atatulia."

Ukasema, "Ni mtu wa zamani, Mercy. Hayupo tena."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo. Nilidhani unamfichia mama aibu ya kukataliwa na mdogo wake. Nikakupenda zaidi, kaka. Hebu fikiria hilo huko ulipo. Mama anaita, wewe unamshika mkono na unajua nyumba ya Zuwena ilipo, unajua rangi ya mlango wake, na unasema hayupo.

Mama alikufa wiki ile ile.

Wakati wa matanga yako alikuja nyumbani kunipa pole yule mwenzako wa zamani wa wizarani, mliyekuwa mkila pamoja mchana. Alikusifu kwa moyo mkunjufu. "Kaka yako alikuwa mtu safi," alisema. "Tulipotafuta wa kumpeleka kule, kila tuliyemwita ana shemeji au binamu katika serikali yao. Hatuwezi kumtuma mtu akazungumze na jamaa zake. Nassor tulipomuuliza akasema hana hata mmoja, wamekwisha wote. Ndiyo maana tukamteua." Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, na kumpa kahawa. Nilidhani mzee anachanganya mambo.

Kisha ikaja simu.

Sauti ilikuwa ya mama. Nilikaa kitako sakafuni. "Rayya, mwanangu, mimi mama yako mdogo. Nnakupa pole ya Nassor. Nimezipata habari, nimelia sana. Yule mtoto alikuwa na adabu." Chuki yangu yote ya miaka ikanipanda, na yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya mama. "Siku ile Maskati alinijia mwenyewe hotelini. Akaniomba radhi kwa kule kujifanya hanijui, alikuwa kazini. Mwengine angetuma dereva kunambia kwamba dada hataki kuniona. Yeye alikuja mwenyewe, akakaa, akanambia taratibu."

"Mama Mdogo," nikasema, "alikwambia nini?"

"Kwamba dada kasema niliolewa na waliowatoa, hataki kuniona machoni. Nikamwambia ana haki. Na kila Idi alipokuwa balozi huku, dereva wake akiniletea halua na tende. Nikasema, dada kanikataa lakini mwanawe hakunisahau."

Halua, Nassor. Ulimpelekea halua.

Sikufikiri. Nilimwambia yote. Nikamwambia mama alimngojea na buibui mwilini mpaka Magharibi, tukaambiwa yeye ndiye aliyekataa. Nikamwambia mama alimwita siku zake za mwisho mpaka akakataa uji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Alipika nini?"

Nikamwambia mkate wa kumimina. Nikamsikia akilia, mwanamke wa miaka yake, analia kama mtoto aliyeachwa shuleni. Mjukuu wake akaichukua simu.

Nimekaa na hili jambo toka siku ile. Nimejaribu kukutetea mwenyewe, maana nimezoea. Nimesema ulikuwa kijana uliyechekwa, ukajifungia chooni na gazeti, na ulipokaribia kabisa kile kiti uliogopa kukikosa. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kukupokonya ule ubalozi, na alikuwa bibi wa makamo, mke wa mkubwa wa serikali ile, anayetaka kumwona dada yake saa moja. Nimefahamu yote hayo. Lakini kila nikifahamu hasira inazidi, maana hukulazimika hata kukataa kiti. Ungeweza kumleta kwa mlango wa uani, mimi ningenyamaza, mama angenyamaza, hakuna kitu tulichokijua vizuri kuliko kunyamaza kwa ajili yako. Hukutuamini. Ulituona sisi hatari, ukatupanga kama ulivyowapanga wale wazee wa Nizwa, kila mmoja mahali pasipo na wa kumwelewa.

Ulinisaliti. Nataka neno hilo likae hapa peke yake lisilo na upole. Ulinitia katikati kwa makusudi, kwa kuwa ulijua mimi sitasema. Umenifanya nimchukie Mama Mdogo, umemfanya mama afe na jina mdomoni, na ulipokuwa unakufa wewe mwenyewe, hospitali, nimekushika mguu, ulikuwa na muda wa kunambia. Uliniuliza kama gari langu limetengenezwa.

Juzi Mama Mdogo alinipigia tena. Miguu yake haiwezi ndege, kwa hiyo ameniita mimi. Anataka nimweleze mama alivyozeeka, mvi zilianzia wapi, alikuwa akilala upande gani. Anayataka yote. Nilipokwisha kumwambia nitakuja, nilianza kusema juu yako, maneno mabaya, na yeye akanikata.

"Usimtukane kaka yako," alisema. "Dada yangu ndiye aliyemzaa, na keshakufa. Mimi nshamsamehe kwa ajili yake. Lakini Rayya, ukija kwangu, usinitajie jina lake. Nnataka nikae na dada yangu, yeye asiwepo baina yetu."

Nimekubali, na ndiyo sababu nimeyaandika yote hapa. Nasafiri wiki hii. Nitakaa kule muda mrefu, tutamzungumza mama, na bibi, na baba, na chumba cha Hamriya, na hadithi ikifika mahali pako tutaparuka. Dua nakuombea kila sala, kwa sababu mama angeniuliza. Hilo lingine ambalo Mama Mdogo ameliweza mimi bado.

Mercy, aliyebaki kwangu, ameshanifungia mizigo. Nikishaweka kalamu chini hapa, kaka, sina tena mahali pa kukutaja.

Mdogo wako, uliyekuwa naye mmoja tu,
Rayya